Kitanda cha Kukunja

Jumapili, saa mbili na robo usiku, mjini Łódź.
Theluji imejazana dirishani kama sufi ya mto uliopasuka,
nasi tumekaa kuicheka nchi yetu.

Kipindi kinaitwa Tulivyokuwa.
Mtangazaji hakuwapo tulivyokuwa.
Suti imembana kama ngozi ya soseji,
meno meupe pe, na mbele yake watu wa studio
wanaocheka wakiwashiwa taa.

"Tazameni soksi nyeupe ndani ya makubazi!"
Ha.
"Tazameni masharubu!"
Ha, ha.
Tazameni ukuta wa sebule uliobandikwa picha ya minazi,
minazi mitatu na ufukwe, toka sakafuni hadi darini,
katika nchi ambayo bahari yake
hukugonganisha meno mwezi wa Agosti.
Tazameni makopo matupu ya bia ya Wajerumani
yamepangwa juu ya kabati,
yakifutwa vumbi kila Jumamosi
pamoja na Bikira Maria.

Tulikuwa navyo. Vyote.
Nacheka hadi mbavu zinaniuma.
Mama anasema kopo la kijani lilikuwa zuri,
anauliza nani alilitupa.

Baba hacheki. Anamenya chungwa,
ganda moja refu lisilokatika,
kwa mkono wa mtu aliyekua enzi ambazo machungwa
yalikuja Krismasi tu, kwa meli,
na meli ikatangazwa kwenye taarifa ya habari.

Kisha gulio.
Uwanja wa mpira, matope,
vitanda vya kukunja vya jeshi safu kwa safu,
na juu yake ubepari umetandazwa wote:
kaseti bandia, sidiria, betri,
ndizi zikiuzwa mojamoja.
"Hapa," asema kijana, "ndipo uchumi wetu ulipolala!"
Taa ikawaka.

Na pale, sekunde tatu,
koti la michezo la zambarau, kofia ya manyoya,
mikono miwili imeinua soksi ndefu za nailoni
kama karani wa mahakama aonyeshaye kidhibiti:
Bogumił Wrzos, fundi mitambo,
miaka kumi na tisa katika kiwanda cha nguo
ambacho leo ni hoteli, na kahawa yake haishikiki bei.

Sebule ikanyamaza.
Kicheko cha studio kikaendelea peke yake,
kama mgeni asiyejua kwamba kuna msiba.

"Wamekosea mwaka," Baba akasema.
"Wameandika tisini na moja. Ni tisini na mbili, Machi.
Soma bei kwenye kile kibao.
Na ule mkono pembeni, uliokatwa na picha, ni wa Zenek.
Alishika mguu wa kitanda. Mmoja ulikuwa umelegea."
Akala kipande cha chungwa.
"Siku ile tuliuza jozi sitini.
Polisi wakaja saa sita.
Kitanda ukikizoea, hukunjika kwa sekunde nne."

Kitanda hakizai haramu.
Kile kilizaa viatu vyangu vya shule,
meno ya mbele ya Mama,
nauli ya Zenek kwenda Chicago, asikorudi,
na kioo hikihiki tunachokichekea.

Likaja tangazo.
Duka la vijana, barabara ya Piotrkowska:
koti la michezo la zambarau,
"ladha ya zamani", zloti mia nne na tisini.
Baba akasogea karibu, akavaa miwani,
akahesabu kwa vidole ni jozi ngapi za soksi,
vidole vikamwishia,
ndipo akacheka, akacheka hadi akapaliwa
na Mama akampiga mgongoni.
Hakuna aliyemwashia taa.

Nilikuwa bado nampa maji
sauti ya kijana iliporudi: "Wiki ijayo, miaka ya elfu mbili!"
Nyusi zilizonyolewa zikabaki uzi.
Suruali zilizokata tamaa chini ya kiuno.
Wasichana kwenye kituo cha tramu, wanaimbia simu,
na mmoja wao, yule wa katikati,
ile fulana naijua.

Nikaitafuta rimoti chini ya mto, chini ya gazeti,
chini ya paka.
Baba alikuwa ameikalia.